Mto Ruaha unakauka na mimi usingizi umeniisha: wenzangu mnabebaje habari hizi?

Kiangazi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Sijui hili nilipaswa kulipeleka jukwaa la afya au la siasa. Kifupi ni kwamba uharibifu wa mazingira umenielemea. Kukereka kila mtu anakereka, ila mimi nikiona lori la mkaa pale Mbezi limesheheni magunia mpaka turubai halitoshi, siku yangu imekwisha hiyo. Nakaa ofisini naiwaza miti. Usiku nafungua simu nisome habari moja, nikishtuka ni saa nane na bado nasoma. Mke wangu kaniuliza kwa upole kama kuna hela nimepoteza mahali.

Nadhani kinachonimaliza ni tarakimu. Barafu ya Kilimanjaro iliyokuwepo mwaka 1912, asilimia 85 ilikuwa imeyeyuka kufikia 2007. Selous walihesabiwa tembo wapatao 109,000 mwaka 1976. Mwaka 2013 wakabaki kama 13,000. Ziwa Victoria tulileta sangara, na furu wa aina zinazokadiriwa 200 wakapotea, aina ambazo hazipo penginepo duniani. Misitu, takwimu za serikali yenyewe zilisema tunapoteza hekta 469,000 hivi kwa mwaka. Nimejaribu kuiona hiyo hesabu kichwani nikashindwa, nikatafuta ukubwa wa Unguja: haifiki hekta 170,000. Yaani karibu Unguja tatu za miti, kila mwaka, na mwakani tena.

Halafu kuna mto wa kwetu. Mimi ni mzaliwa wa Rujewa, Mbarali. Ruaha Mkuu ulikuwa mto wa mwaka mzima. Mwaka 1993 ukasimama ndani ya Hifadhi ya Ruaha kwa mara ya kwanza, na tangu hapo kukauka kiangazi kumekuwa desturi, mwanzoni wiki chache, siku hizi miezi. Kuna Oktoba moja nilipita daraja la Ibuguziwa, pale unapoingilia hifadhini ukitokea Iringa. Chini ya daraja hakuna mto. Kuna mchanga, na pembeni kwenye kivuli cha ukingo kuna dimbwi, viboko wamebanana humo mpaka mmoja kamlalia mwenzake mgongoni. Migongo iliyo nje ya maji imekauka na kupasukapasuka. Mmoja akijisukuma ili azame, mwingine anainuliwa juu, na kelele zinaanza upya. Maji yenyewe ya kijani, mazito kwa kinyesi chao. Mbele kidogo tembo jike anachimba mchanga kwa mguu wa mbele, anasubiri maji yajikusanye shimoni, ananyonya kidogo kwa mkonga, anachimba tena. Mtoto wake kasimama nyuma anangoja zamu.

Dereva wangu akasema, "Binadamu bwana, tumelaaniwa." Sikumjibu, lakini sentensi ile ndiyo imenikaa kichwani mpaka leo. Kama tatizo ni binadamu, basi hakuna la kufanya, maana mimi ni binadamu, na wewe, na yule mtoto atakayezaliwa kesho Mwananyamala. Nikila wali najiona mkosaji, kwa sababu mchele ni wa Mbeya na maji yake nayajua yalikotoka. Nikiwasha jiko la mkaa hivyo hivyo. Gesi nayo ikiisha katikati ya mwezi, unafanyaje?

Na aibu juu yake. Jirani yangu anahangaika na ada ya mtoto, mimi namlilia kiboko. Mtu akifiwa tunamwekea matanga, watu wanakuja, wanapika, wanakaa naye. Mto ukifa unaambiwa una mawazo ya kizungu.

Swali langu: ninyi mnaojua haya, mnaishije nayo? Naomba tu msiniambie nipande mti.

Kalamu Nyekundu

Mkuu, huzuni hiyo umeiandika kwenye simu yenye kobalti ya Kolwezi, Kongo. Tulia. Dunia ilikuwepo kabla ya babu yako na itaendelea kuwepo. Panda mti mmoja, oga, ulale.

Kiangazi

Nilijua mti utakuja. Sikujua utakuja na wa kwanza tu.

Paka wa Shume

Nimevuta kiti hapa, nafuatilia.

Mzee wa Banio

Kijana wa Rujewa, marahaba, japo hujaniamkia. Mimi mifereji ya bonde la Usangu naijua kabla hujaanza shule, kwa hiyo nivumilie.

Huyo dereva wako amekupotosha. Ruaha haukukaushwa na "binadamu". Sogea karibu uangalie. Mto unatoka milima ya Uporoto na Kipengere kwa vijito: Chimala, Kimani, Mbarali, Ndembera na vingine. Vyote vinamwagika bondeni, vinaingia Ihefu. Ihefu ni kinamasi, na kinamasi kina mlango mmoja tu wa kutokea, pale Ng'iriama, ambapo kuna kizingiti cha mwamba. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto unatiririka kwenda hifadhini. Yakishuka chini ya mwamba hata kwa kina cha kiganja, mto umesimama, ingawa nyuma yake kinamasi bado kina maji. Hicho ndicho unachokiona Ibuguziwa. Kila kinachopungua juu kiangazi, hesabu yake inasomwa kwenye ule mwamba.

Sasa nani anapunguza? Miaka ya 70 serikali ilijenga shamba la mpunga la Mbarali kwa msaada wa Wachina, zaidi ya hekta 3,000. Baadaye ikaja Kapunga, ukubwa kama huo huo. Baadaye Madibira. Kila shamba lina banio lake mtoni, la zege, lenye mageti ya chuma. Na wakulima wadogo nao wakachimba mifereji, wengine wakitumia maji yanayotoka kwenye mashamba makubwa. Mpunga wa masika haukuwa na shida, masika maji ni mengi mno. Shida ni kwamba mageti hayafungwi masika ikiisha. Kuna vitalu vya mapema, watu wanataka kupandikiza mapema wauze kabla bei haijaporomoka. Kuna wanaotumia mfereji kwa maji ya nyumbani na ng'ombe, hao huwezi kuwalaumu, hawana bomba. Na kuna maji yanayoachwa yatembee tu kwenye majaruba matupu kwa sababu hakuna aliyekwenda kufunga. Mimi nimeona geti limefungwa mchana mbele ya wakubwa, kofuli limewekwa, picha zimepigwa. Usiku limefunguliwa kwa nondo.

Hiyo si laana, ni geti na nondo.

Na nikuongezee moja uitafakari. Ofisi ya Maji ya Bonde la Rufiji ilianzishwa 1993, mwaka uleule mto uliposimama. Mwaka 2001 serikali yetu ilitangaza mbele ya mataifa kwamba kufikia 2010 Ruaha utakuwa unatiririka mwaka mzima tena. 2010 ikafika, ikapita. Sasa huyo aliyeahidi naye tumwite binadamu tu?

Kiangazi

Shikamoo mzee, nisamehe, nilitangulia kulia.

Ile habari ya mwamba sikuwahi kuisikia, na nimezaliwa huko. Nyumbani tuliambiwa siku zote kwamba ni wafugaji. Redioni pia. Mwaka 2006 nakumbuka operesheni ya kuwaondoa Ihefu, na watu wa kwetu wengi walishangilia. Tukajua yamekwisha. 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, hifadhi ikawa zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Na mto ukaendelea kukauka.

Mzee wa Banio

Ukaendelea. Mfugaji hana wakili, geti lina mwenye nalo. Ng'ombe kweli walikuwa wengi mno na kinamasi walikitifua, sitetei. Ila ng'ombe hanywi mto.

Na hata lile la kwamba Usangu ndiyo iliyolizimia taifa umeme miaka ya 90, kwamba bwawa la umeme la Mtera limekauka kwa sababu ya mpunga, watafiti walikuja wakapima. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika. Maji ya kiangazi yanayopotea Usangu ni kiduchu mbele ya bwawa lile. Kwa umeme, tatizo kubwa lilikuwa namna bwawa lilivyoendeshwa. Lakini kwa kiboko wa Ibuguziwa, hicho kiduchu ndiyo uhai wake wote. Usichanganye hizo hesabu mbili, zimechanganywa makusudi miaka mingi.

Binti Kilwa

Asalaam alaykum. Naomba niingie hapo kwenye wafugaji, maana mnazungumza kama vile waliondoka duniani. Walikuja kwetu.

Sisi Lindi na Pwani tuliletewa mifugo hiyo, wengine kwa malori, wengine kwa miguu. Kwetu ng'ombe ilikuwa kitu cha kununua buchani. Watu wa mihogo, ufuta, minazi na bahari, asubuhi unaamka shamba la ufuta limepitiwa lote, na mwenye ng'ombe hajui Kiswahili cha pwani na wewe hujui lugha yake. Mapanga yalitoka. Watu walikufa Rufiji, walikufa Kilosa, kila mahali mkulima na mfugaji. Kisha inaandikwa gazetini kwamba Ihefu imeokolewa. Na misitu yetu ya Kilwa nani aliiuliza?

Mleta mada, mimi hii huzuni yako ninayo, ila yangu ni ya bahari. Nimekulia kwenye mlio wa baruti. Ndiyo, baruti za kuvulia. Unasikia "tuu" kifuani kabla ya masikioni, kama umekaa ndani ya maji kuchota chaza. Samaki wanaoelea juu ni wachache, wengi wanazama na utumbo umepasuka, hawafai kuokotwa. Matumbawe yanabaki kifusi. Tulikuwa tunawajua wanaopiga. Tulikuwa tunawajua wanaonunua. Aliyekuwa hajui ni polisi tu.

Lakini nikwambie ukweli, mlio umepungua sana. Miaka ya mwisho ya 90 ulipungua walipoingizwa wanamaji, wakaondoka ukarudi. Ukaja kupungua tena miaka ya 2010 mwishoni walipoacha kumkimbiza yule kijana kwenye mtumbwi wakaanza kufuata baruti zinatoka wapi, machimboni na kwenye barabara zinazojengwa, na nani anazigawa. Waliokamatwa baada ya hapo walikuwa na majina.

Kwa hiyo naungana na Mzee. Nilipokuwa nasema "watu wa Kilwa tunaiua bahari yetu" nilikuwa naumwa. Nilipojua ni nani na nani, nikakasirika. Hasira inaniacha nilale.

Kalamu Nyekundu

Haya, huyu dada kaniweza. "Hasira inaniacha nilale." Naiba.

Ng'wana Ngitili

Mwangaluka wakuu. Mmeuliza wafugaji walikwenda wapi, hamjauliza walitoka wapi. Walio wengi walioingia Usangu miaka ya 70 na 80 ni Wasukuma wetu, wamewafuata Wamang'ati na wengine. Walitoka kwetu Shinyanga na jirani kwa sababu kwetu kulikuwa kumekwisha.

Wakati wa mkoloni, vichaka vilifyekwa ili kuua mbung'o. Maeneo makubwa, kwa amri. Ikaja pamba, nayo ikataka ardhi tupu. Ikaja operesheni vijiji, 1974, watu wakahamishwa na ngitili zao za ukoo, yaani malisho ya akiba, zikaachwa bila mwenyewe. Ng'ombe wakabaki kwenye vumbi. Nyerere alipopita miaka ya 80 na kuiona Shinyanga alisema ni jangwa. Sasa mtu mwenye ng'ombe mia tatu ataketi kwenye jangwa? Kafungasha, kaelekea kusini. Usangu. Usangu wakamfukuza, kaenda Kilwa kwa binti hapo juu. Ng'ombe ni walewale na jangwa ni lilelile, tunalisogeza tu.

Lakini sikuja kuwatia simanzi. Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliendelea mpaka 2004. Mwanzo walikuja na miche kama kawaida, miche ikaliwa na mchwa, na mbuzi wakamalizia. Ndipo wakasikiliza wazee, wazee wakasema rudisheni ngitili. Ngitili ni rahisi mpaka unacheka: unachagua eneo, masika hakuna mnyama kuingia, nyasi zinakua, kiangazi kikikaza mnafungulia sehemu, ng'ombe wanakula. Ukiacha hivyo, visiki vilivyofyekwa zamani vinachipua vyenyewe, maana mizizi ilikuwa haijafa. Dodoma nao siku hizi wanafanya, wanaita kisiki hai. Hakuna kupanda, Kiangazi, umefurahi? Unaacha tu kung'oa.

Na usidhani ni upole. Dagashida, baraza letu la jadi, inakaa, inaweka sheria, ukiingiza mifugo ngitilini unatozwa ng'ombe na sungusungu wanakuja kumchukua. Ilianza na hekta kama 600 zilizokuwa zimesalia. Miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya laki tatu, na 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mimi nimekua nikiona fisi amerudi mahali ambapo baba yangu alikuwa hamfahamu. Sikufurahi, alikula mbuzi wetu, ila alirudi.

Sisemi Shinyanga sasa ni Edeni. Mkaa upo, migodi ipo, ngitili nyingine zimeuzwa na wajanja wa kijiji. Nasema tu jangwa letu nalo lilikuwa na tarehe na amri, na lilirudi nyuma kwa tarehe na amri nyingine.

Njoki wa Karura

Habari zenu ndugu. Naandika kutoka Nairobi, mtanisamehe Kiswahili changu.

Nimesoma hapo mwanzo "binadamu tumelaaniwa" nikakumbuka msitu wa Karura. Ni kama hekta elfu moja hivi, ndani ya jiji. Miaka ya 90 ulianza kupotea. Ungesema ni watu, ni njaa, ni idadi kubwa. La. Ulikuwa umegawanywa vipande kwa kampuni binafsi, kila kipande na karatasi yake, na Wangari Maathai, mwanaharakati wetu wa mazingira, na wenzake walitaka majina ya waliogawiwa yatoke hadharani. Januari 1999 walikwenda kupanda miche langoni, wakavamiwa na wahuni waliokodishwa, yeye akapasuliwa kichwa. Akaandika taarifa polisi na kutia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Leo tunakimbia mle ndani Jumamosi, unalipa kiingilio kidogo tu.

Kwa hivyo ule mche wake haukuwa ule wa "panda mti ukalale". Ulikuwa ni wa kuuliza hati iko kwa nani.

Kiangazi

Asanteni. Nimesoma zote, nyingine mara mbili.

Naomba nibishane kidogo, kwa sababu kuna kitu hakijakaa. Mmenipa majina na mageti, sawa. Lakini mengine hayana geti. Barafu ya Kilimanjaro nimkamate nani? Aliyechoma makaa ya mawe Uingereza miaka mia iliyopita? Na kuna mahali ambapo wenye makosa hawapo kabisa, kuna haja mbili tu zinazogongana. Mfano wa Kihansi. Tulitaka umeme, na tulikuwa na haki ya kutaka umeme, tulikuwa gizani.

Dada wa Mlimba

Kihansi niachieni mimi, ni majirani zangu.

Wasiojua: ni korongo upande wa Udzungwa, mto unaporomoka kutoka juu na maporomoko yalikuwa yanatoa manyunyu mchana na usiku mwaka mzima. Ndani ya yale manyunyu, eneo la hekta mbili hivi, aliishi chura wa njano, mkubwa kama ukucha wa dole gumba, ambaye hatagi mayai majini kama vyura wengine, anazaa vitoto vilivyokamilika. Duniani kote alikuwa hapo tu. Aligunduliwa 1996, wakati ujenzi wa mradi umeshaanza. Mitambo ya megawati 180 ikawashwa, na sehemu kubwa ya maji, kama asilimia 90, ikahamishiwa kwenye handaki. Manyunyu yakakata.

Kabla hawajaisha, mwaka 2000 walichukuliwa vyura 499, wakapelekwa Marekani kwenye bustani za wanyama, Bronx na kwingine. Wengi walikufa mwanzoni, watu wakajifunza kuwalisha. Huku korongoni walifunga mabomba ya kunyunyizia, wakaachia maji kiasi yapite. Wakarudi kuongezeka, kisha ugonjwa wa ukungu ukawafagia. 2009 ikatangazwa wametoweka porini. 2010 wa kwanza wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Watu walicheka sana. Magazeti, vijiwe, kila mtu: chura kapanda ndege, mimi sijapanda. Mimi nilicheka pia. Lakini fikiria, mleta mada, umeme tuliupata. Megawati zipo mpaka leo. Na mabomba yale ya manyunyu yanafanya kazi mpaka leo, mtu anayakagua, akikuta tundu limeziba na ukoga anazibua. Hapo hakuna aliyeshinda na hakuna mkosaji wa kufunga. Kuna mtu wa kuzibua matundu, na lazima awepo kila siku, na mshahara wake utoke mahali. Kama unataka huzuni iliyokaa vizuri, ihuzunikie hiyo: kitu kilichokuwa kinajiendesha chenyewe bure, sasa kina bajeti.

Kalamu Nyekundu

Bado nashikilia kuwa chura kapanda ndege na mimi bado.

Kiangazi

Dada wa Mlimba, hiyo ya mwisho imenigonga. Huzuni hujaniondolea, ila afadhali sasa ina mahali pa kukaa.

Sasa niulize kama mtu wa vitendo. Mwezi ujao nashuka Rujewa kwa msiba wa shangazi, nitakaa. Nasikia kuna mkutano wa watumia maji upande wetu. Mimi siyo mkulima, nina kiwanja tu cha marehemu baba. Mzee wa Banio, nikisimama pale niulize nini kisichokuwa hotuba? Nikisema "mazingira" najua watachukua simu zao.

Mzee wa Banio

Pole kwa shangazi.

Kwanza usiseme mazingira, usiseme kiboko, na usiseme umetoka Dar. Sema wewe mtoto wa fulani, wa kitongoji fulani. Halafu uliza maswali mawili tu, ukae.

La kwanza: kibali cha maji cha mfereji huu kinasema lita ngapi kwa sekunde, na kiangazi ngapi? Kibali huwa na kiwango. Wengi pale hawajawahi kukiona hata kwa macho, kinakaa kwenye faili la katibu. Wakitaja tarakimu, iandike mbele yao, waone unaandika.

La pili: nani anasoma kipimo? Pale banioni kuna ubao wenye namba, umesimamishwa majini. Mtu anatakiwa aende, asome maji yako kwenye namba ipi, aandike daftarini. Uliza daftari. Uliza la Septemba, usiulize la Machi, Machi kila mtu ni mwaminifu.

Wakikwambia hayakuhusu, waambie Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, Namba 11, imepanga foleni: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, pili maji ya kuuacha mto uwe mto, ndipo kilimo na mengine. Ukisema "pili" taratibu, watakuelewa.

Na usiwaendee wakulima wadogo kwa ukali. Wale wa mwisho wa mfereji wana kiu kuliko kiboko wako, hao ndio watakuunga mkono. Maji yakipotea juu wao ndio wa kwanza kukosa.

Ng'wana Ngitili

Na upeleke kahawa. Mkutano wa maji bila kahawa hauishi.

Kalamu Nyekundu

Daftari la Septemba utaambiwa lilinyeshewa.

Mzee wa Banio

Septemba Usangu hainyeshi. Mwache aseme hivyo mbele ya watu.

Kiangazi

Nimeandika yote. Nitaleta mrejesho nikirudi. Binti Kilwa, nikitoka huko naomba tuzungumze kuhusu wale waliokuja kwenu, kuna mmoja alisoma na kaka yangu Rujewa, hatujui alikoishia.

Binti Kilwa

Niambie jina la ukoo kwa ujumbe wa pembeni, usiweke hapa. Nitauliza mnadani.